Daftari la Magesa

Machi tuligawa simu kumi na mbili,
moja kwa kila msoma mita wa kanda ya milimani,
na keki, na soda, na bango la MABADILIKO
lililoinama upande mmoja, gundi haikutosha.
Meneja akapigwa picha, akapanda gari.
Nikabaki na watu kumi na wawili
na ukimya wao.

Aprili takwimu zilipendeza.
Mei zilipendeza mno.
Juni nikaanza kunusa kitu:
nyumba za Mabatini, zile za juu kwenye mawe,
zote themanini na tatu zimesomwa
saa kumi na moja jioni, ndani ya nusu saa,
kana kwamba Magesa kaota mabawa.

Nikamkuta kwa muuza chai wa Nyerere Road,
daftari kushoto, simu kulia,
ananakili tarakimu moja moja kwa kidole kinene
kama mtu anayepunja dawa mbwa wa jirani.
Aliniona. Hakulifunika.
Barua ya onyo nilikuwa nayo, tayari ina muhuri.
Nikaagiza chai.
"Kesho tunapanda wote," nikamwambia.

Tukapanda.
Jua la saa nne likaizima skrini, ikawa kioo cheusi,
nikajiona humo uso wangu na jasho lake.
Orodha ya simu inasema: nyumba ya kumi na nne, kisha ya kumi na tano.
Lakini kati ya kumi na nne na kumi na tano
pana jabali kubwa kuliko ofisi yetu,
na kulizunguka ni robo saa, ukijua njia.
Daftari lilifuata miguu:
kumi na nne, thelathini, sita (mbwa mkali, piga hodi kwa mbali),
hamsini na moja, mita iko nyuma ya zizi la mbuzi,
kisha ndiyo kumi na tano.
Miaka kumi na tisa ya magoti
kwa penseli.

Kwa Mama Lushinge bomba lilikohoa hewa.
Ziwa lote lile limelala chini yetu, linametameta,
na yeye ananunua maji kwa ndoo.
"Simu yako ina mahali pa kuandika hili?" akaniuliza Magesa.
Haikuwa na mahali.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni tulimleta sisi. Mwenyeji hatukumuuliza
anaumwa wapi.

Barua ya onyo niliichana nikiwa bado mlimani.
Kokubelwa wa kompyuta alinuna wiki tatu,
kisha akaipanga orodha upya kwa mwendo wa miguu,
akaongeza kisanduku kitupu chini: *Mengineyo*.
Ijumaa tukaanza kukaa ngazini nje ya stoo,
kila mtu ataje kitu kimoja ambacho simu imemnyima.
Ijumaa ya kwanza walicheka tu.
Ya pili Nyamizi alionyesha namna ya kuitilia kivuli kwa kofia.
Ya tano sikuwepo, nilikuwa msibani Geita,
wakakaa bila mimi.

Sitaki kudanganya. Novemba mvua zilipopiga
simu nne zilikufa, watatu wakarudi kwenye karatasi,
na mmoja wao alikuwa Magesa.
Sikupiga kelele. Nilinunua mifuko ya plastiki,
ile ya kufungia karanga,
tukaanza tena, kama mtu anayesukuma gari bovu
palepale lilipozimikia.

Sasa wananiita Dodoma nikaeleze mafanikio,
slaidi ishirini, wamesema.
Ninayo moja: daftari lenye doa la chai.

Na jana, kwenye kona ya Bugando,
nilisikia sauti ninayoijua inamkaripia kijana mpya
aliyeandika mita kwenye kiganja:
"Weka kwenye simu, wewe!
Kiganja kinatoka jasho.
Na kwa nyumba ya sita, andika kwamba yule mbwa alikufa."